Msiwasingizie mama wa malewa

Imani hii imeota mizizi Goma, mashariki mwa Kongo, hasa kwa waliopata kazi ya mshahara: mtu wa heshima hali barabarani. Mgeni hajatua hata mizigo, ameshaonywa. Malewa, hivi vibanda vya chakula vya kando ya barabara, ni uchafu, malewa ni kuharisha, malewa ni ya wasukuma chukudu, vile vyombo vya mbao vya kubebea mizigo, na wanaume wasio na wake. Basi anapelekwa kartie ya Himbi, kwenye bustani ya hoteli inayotazama Ziwa Kivu, anakula samaki na viazi vya kukaanga katikati ya wageni wenzake, kisha anarudi kwao akisimulia kwamba ameiona Goma. Ameona nini? Ameona ziwa.

Nasema waziwazi: hicho ni kiburi, na afya ni kisingizio chake tu. Mji huu hausomeki kwenye karatasi ya hoteli yenye majina ya vyakula kwa Kifaransa. Unasomeka kwenye sahani za bati, kartie kwa kartie.

Nenda Birere alfajiri, kabla mpaka wa Rwanda wa Petite Barrière haujafunguliwa. Saa hiyo watu wa ofisini bado wamelala, lakini huku bugali na maharagwe vimeshapakuliwa. Nani anakula bugali alfajiri? Anayejua kwamba hadi adhuhuri atakuwa na gunia kichwani: wabebaji, akina mama wanaofuata mboga Gisenyi, walemavu wenye baiskeli zao kubwa za magurudumu matatu zinazovusha mizigo kwenda na kurudi. Kaa kwenye benchi lao nusu saa, utajua bei ya nyanya upande wa pili, utajua leo forodha wamekaza au wamelegeza.

Panda sasa Ndosho, kwenye barabara ya Sake. Hapa sahani inageuka: viazi, maharagwe, brosheti za mbuzi, na pembeni muuza jibini ya Masisi. Chakula cha Ndosho ni milima iliyoshuka kwa lori. Februari 2024, vita vilipofika Sake na barabara ikafungwa, viazi na maharagwe vilipanda bei mjini, na wa kwanza kuulizwa kwa nini sahani imepungua hakuwa gavana wala msemaji wa jeshi. Alikuwa mama mwenye sufuria. Yeye ndiye aliyewaeleza watu vita, akiwa ameshika upawa.

Na soko la Kituku, ufukweni? Kituku ni sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na hapo sitaki mjadala. Wavuvi wanalala ziwani na taa zao, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, na kukicha samaki wanashushwa wakiwa bado wanang'aa. Mama anapanga mbabula yake ya makaa juu ya mawe meusi ya volkeno. Anaonja joto la mafuta kwa kutupa sambaza mmoja. Akizama kimya anasubiri, akilia na kupanda juu anamimina kiganja kizima. Chumvi, pilipili, limao. Unamla na kichwa chake, na mwiba hauuoni. Na wale wanaojidai kula cha asili tu wajue kwamba sambaza mwenyewe ni mhamiaji: aliletwa kutoka Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Hakuna anayemdai vitambulisho.

Najua jibu mtakalonipa: kipindupindu. Kipo, na sicheki nacho. Mji uliozika wakimbizi wa Rwanda waliouawa nacho Julai 1994 hauwezi kukicheka. Mimi mwenyewe nikiona maji ya kuoshea sahani yamekuwa ya kijivu, naondoka. Lakini jiulizeni yale maji yametoka wapi. Yametoka ziwani kwa bidoni ya lita 20, mgongoni mwa msichana, kwa sababu bomba la mtaa limekauka. Mji umekaa juu ya mwamba wa lava: kuchimba choo ni kazi ya sururu na siku nyingi, na lava ya mlima Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji ikaunguza kila ilichokuta. Mama wa malewa hakuichagua hali hiyo. Anachoweza yeye anakifanya: anapika mbele ya macho yako, na anauza chakula chote siku ileile kwa kuwa hana friji ya kufichia cha juzi. Jiko la hoteli nani kati yenu ameliona?

Halafu kuna hili la heshima. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, benki za mji zilifunga milango, na wenye mishahara wakabaki na kadi zisizotoa hata franka. Wakati huo sikusikia mtu akihubiri kuhusu benchi chafu. Nilisikia: «Mama, uniandikie, nitalipa.»

Wanaotaka malewa yasafishwe wana haki. Ila waache kuwafukuza akina mama na kuwapindulia sufuria kila inapotangazwa siku ya usafi. Wapeleke maji. Hawa wanawake wanalipa. Mtoza kodi wa soko anapita na kijitabu chake, anachana tikiti, anapokea franka zake. Bomba lililojengwa kwa tikiti hizo sijalionyeshwa bado. Ila mtoza kodi mwenyewe namwona mara kwa mara: ikifika saa sita, anaketi kwenye benchi lilelile na kuomba aongezewe mchuzi.