SHAMBA LIMECHOKA KUMLIPIA TAJIRI



Wako watu watakaouliza: chama cha wafanya kazi kina shauri gani na udongo? Kazi ya chama, watasema, ni mshahara, saa za kazi na likizo. Mambo ya mbolea aachiwe bwana shamba. Sisi twajibu: udongo ni mshahara. Mtu wa Kagan, wa Kochia au wa Gem anayechuma chai Kericho, anayekata miwa Awendo au anayelinda lango la mtu Nairobi, haishi kwa mshahara wake peke yake. Jamaa yake yala kwa shamba la Rangwe. Shamba lile likichoka, mshahara wake umepunguzwa, ingawa tajiri hakugusa hata senti moja.

Jambo hili si geni. Wakati wa ukoloni mshahara wa Mwafrika ulipimwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Mabwana walisema: mke na watoto wanakula huko rizavu, kwa nini tuwalipie? Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyowekwa na serikali ya kikoloni yenyewe, ilishauri kwamba mshahara wa namna hiyo uachwe, na mtu alipwe kiasi cha kulisha jamaa yake. Basi tuulize: miaka yote kabla ya hapo, ni nani aliyelipa ile sehemu ambayo tajiri hakulipa? Ni udongo. Ni jembe la mama. Mahindi na mtama vilitoka shambani mwaka baada ya mwaka, na kilichorudishwa kilikuwa kidogo, kwa sababu wenye nguvu walikuwa mbali na mshahara wao ulikwisha kabla ya kufika nyumbani. Ghala ambalo kila siku latolewa debe na halirudishiwi, mwisho wake ni kukwaruza sakafu.

Sasa sakafu imeonekana, na mkulima ndiye anayetukanwa. Akivuna kidogo huambiwa ni mvivu, au hajui kilimo cha kisasa. Hatukubali. Wataalamu walipopima Wilaya ya Kisii, jirani yetu tunayemsifu kwa udongo mzuri, walitoa hesabu mwaka 1993 kwamba kila hekta ilipoteza kama kilo 112 za naitrojeni kwa mwaka, baada ya kuhesabu yote yaliyorudishwa. Nyingine ilikwenda na mavuno, nyingine na mmomonyoko, nyingine ilizama chini na maji ya mvua. Kwa eka moja hizo ni kilo 45 hivi. Naitrojeni ndiyo inayotia majani rangi na nguvu. Ikipungua, mahindi huwa ya manjano, na kayongo hupata nafasi. Kila mtu wa kwetu amjua kayongo kwa ua lake zuri na kazi yake mbaya: hushika mzizi wa mahindi na kunyonya. Hupenda udongo maskini, na mche mmoja huacha mbegu maelfu kwa maelfu zikingoja udongoni miaka mingi.

Dawa tunayopewa ni mfuko. Haya, tuufungue mfuko tuone. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 18, yaani kilo 9. Eka yenye deni la kilo 45 ingetaka mifuko mitano kulipa deni la naitrojeni la mwaka mmoja tu. Mwaka 2022 serikali iliweka bei ya ruzuku shilingi 3,500 kwa mfuko, na mwaka 2023 ikashusha mpaka 2,500. Tulishukuru. Lakini hata kwa bei hiyo ndogo, mifuko mitano ni shilingi 12,500 kwa eka moja. Mwenye mshahara wa kibarua azitoe wapi, na ada ya shule inamngoja mlangoni?

Tena mfuko una siri ambayo muuzaji hasemi. Mbolea za namna ya DAP, zikitiwa mwaka kwa mwaka bila kitu kingine, huzidisha uchachu wa udongo. Na udongo ukiwa mchachu huishika fosforasi kwa nguvu, mzizi usiipate. Mtu hununua chakula cha mmea, udongo ukakifungia ndani. Mwaka wa pili huongeza mfuko, wa tatu huongeza tena, na mavuno yako pale pale. Hatusemi mfuko ni mbaya. Fosforasi ni haba katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya, na samadi kidogo haiwezi kuitosheleza. Twasema mfuko peke yake si rutuba, na anayeuuza bila kuupima udongo anauza bahati nasibu.

Na wakati mwingine hata bahati haimo. Mwaka 2024, mvua ya kupandia ikianza, waandishi wa habari walifichua kwamba mbolea isiyofikia kiwango ilikuwa ikiuzwa kama mbolea ya ruzuku, na serikali ikakiri kwamba nyingine ilipitia maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, ikaahidi kuwafidia wakulima. Mwezi wa Mei mwaka huo huo wakuu wa Afrika walikutana Nairobi katika mkutano mkubwa wa mbolea na afya ya udongo. Walikuwa wamekwisha kuahidi huko Abuja mwaka 2006 kwamba kufika 2015 Afrika itatumia kilo 50 za virutubisho kwa kila hekta. Mwaka 2015 ukapita, lengo halikufikiwa. Maazimio hayaoti. Kilichopandwa juu ya mbolea mbovu nacho hakiwezi kupandwa upya, kwa maana mvua haingoji kamati.

Wako wahubiri wengine wasemao: achaneni na mfuko, tumieni majani, majani ni bure. Wanasifu alizeti mwitu, ile ya maua ya manjano inayoota kando ya njia zetu. Ni kweli, jani lake ni mbolea nzuri. Kilo 100 za majani makavu zina naitrojeni kama kilo 3 na nusu. Lakini bure ni ipi? Kupata zile kilo 45 kwa eka, yatakiwa majani mabichi zaidi ya tani 6. Nani atayakata? Nani atayabeba kichwani? Ni yule yule mama aliyekwisha kuchota maji, kutafuta kuni na kupalilia. Chama cha wafanya kazi hakiwezi kuita kazi ya mtu bure kwa sababu hakuna anayemlipa.

Je, hakuna njia? Iko, na haiko mbali. Mbita, katika kaunti yetu hii hii ya Homa Bay, wataalamu wa kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, walianzisha miaka ya 1990 kilimo cha sukuma-vuta. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na nepia kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu humfukuza kipepeo wa funza wa mahindi, na nepia humvuta nje. Mizizi ya desmodiamu huiamsha mbegu ya kayongo kisha huizuia isishike mahindi, ikafa. Nayo desmodiamu ni jamii ya kunde, huongeza naitrojeni udongoni. Majani ni chakula cha ng'ombe, na ng'ombe hurudisha samadi. Lakini yataka mbegu, ambayo si rahisi kupatikana, na yataka mikono mwaka wa kwanza. Ndiyo maana twarudi kwenye shauri la mshahara na likizo.

Haya ndiyo tunayoyataka:

1. Udongo upimwe kabla ya mtu kuuziwa mfuko. Udongo mweusi wa bondeni na mwekundu wa mlimani hauli chakula kimoja. KALRO wana kituo Kisii; vipimo vifike Rangwe wadi kwa wadi, na majibu yaandikwe kwa lugha ambayo mkulima anasoma.

2. Shamba lililopimwa likaonekana chachu lipewe chokaa kwa ruzuku pamoja na mbolea. Chokaa inachimbwa Koru, Kaunti ya Kisumu. Haitoki ng'ambo.

3. Auzaye mbolea mbovu alipe mavuno yaliyopotea. Kurudisha bei ya mfuko tu ni kumlipa mtu ganda badala ya ndizi.

4. Jina la kuandikishwa kwa ruzuku na mafunzo liwe la yule anayelima. Mara nyingi huyo ni mama, na simu iliyoandikishwa iko Nairobi.

5. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanya kazi siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Matawi yadai kwamba mwenye shamba aruhusiwe kuchukua sehemu yake wakati wa mvua ya kupandia, si wakati tajiri hana kazi.

6. Katika kila mapatano, mshahara upimwe kwa mahitaji ya jamaa nzima bila kuhesabu shamba. Tajiri akisema "nyinyi mna mashamba", ajibiwe kwamba shamba lile limekwisha kumlipia tangu zamani za babu zetu.

Nasi wanachama tuna yetu. Mabua yasichomwe, yaachwe juu ya udongo au yalishwe ng'ombe. Samadi ifunikwe isiuawe na jua. Matuta yatunzwe, kwa maana udongo wetu mvua ikiuchukua huishia Ghuba ya Winam ukalisha gugu maji, na mvuvi naye akapata hasara. Na kila tawi linunue mbegu na mbolea pamoja kwa njia ya ushirika, kwa risiti moja, ili tukidanganywa tudai kwa sauti moja.

Nguvu ya tajiri mbele yetu ni kusema: wako wengi langoni wanaotaka kazi yako. Nani amewaleta langoni? Njaa ya nyumbani. Shamba la Rangwe likishiba, lango hilo litapungua watu, na sisi tuliomo ndani tutasikilizwa.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako. Tawi lijadili madai haya sita katika mkutano ujao.

UMOJA NI NGUVU.