Mkristo ni Mtu wa Rangi Gani?

Kwa tangazo la mchezo wetu wa Safari ya Msafiri, mwenzetu mmoja alichora Mkristo kuwa mtu mweusi, mzigo mgongoni, anapanda njia ya Itombwe. Wengine wakacheka: «Huyu ni Mwingereza, ju ya nini munamugeuza?»

Sisi tunajibu hivi. John Bunyan, aliyetoa kitabu mwaka 1678, ndiye Mwingereza. Mkristo anatoka Mji wa Uharibifu, na rangi ya ngozi yake haikuandikwa. Anayetajwa kuwa mweusi ni yule Msifu-kwa-Uongo, mwenye nguo ya kung'aa, anayewaingiza wasafiri katika wavu. Juu ya huyo hakuna aliyelalamika! Kumbe mweusi akiwa mdanganyifu tunanyamaza, akiwa shujaa tunasema ni uongo?

Tena si jambo jipya. Matoleo mengine ya Afrika yalimchora Mkristo mweusi tangu zamani. Wasomaji wa Harry Potter nao walimchora Hermione mweusi, na mwaka 2016 Noma Dumezweni akamcheza jukwaani London.

Anayetaka kumchora mweupe, achore. Lakini mzigo ule tunaujua: mama zetu wanashuka nao Uvira kila siku ya soko. Basi, picha ibaki ukutani.