Trekta Likigoma Kuwaka

Ndugu mkulima, hapa Mpanda mvua za kulimia huanza Novemba. Trekta likigoma siku hizo, usikimbilie kununua betri mpya. Betri ni ghali.

Weka gia huru. Washa taa, kisha zungusha ufunguo. Je, taa zinafifia? Betri imechoka, au vichwa vyake vimeshika unga mweupe. Zima. Fungua kwanza waya wa hasi (–), kisha wa chanya (+). Sugua vichwa, osha kwa maji ya magadi. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa. Waya wa hasi urudishwe mwisho.

Usimulike kwa koroboi! Betri hutoa hewa inayolipuka.

Taa hazififii, lakini starta kimya? Umeme haufiki. Tazama waya wa starta. Panya huutafuna trekta likilala ghalani kiangazi kizima.