Ya Upepo Tu: Hoja ya Kupima Nguvu Kabla ya Kuisifu au Kuidharau

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi, kijana mmoja wa mtaani kwetu aliletewa na mjomba wake zawadi ya bunduki ya upepo. Wazee waliokuwa barazani waliitazama, wakacheka, wakasema, "Hiyo ni ya upepo tu, mwacheni acheze." Wiki haikwisha. Punje ya risasi iliyokusudiwa njiwa iligonga ukuta, ikarudi, ikamwingia rafiki yangu jichoni. Hadi leo anaona kwa jicho moja. Mtaa mzima ulikubaliana kwamba ilikuwa ajali, bunduki ikafichwa uvunguni, na mjadala ukafungwa.

Nimelazimika kuufungua tena kwa sababu baadhi ya wanafunzi wangu wameanza kuvutiwa na uraibu huu wa kulenga shabaha. Swali lao la kwanza huwa lilelile: "Mwalimu, ipi ina nguvu zaidi?" Nikiwasikiliza, nawasikia wazee wa baraza letu. Wale waliidharau bunduki bila kuipima. Hawa wanaitukuza bila kuipima. Madai yangu katika makala haya ni kwamba hayo ni kosa moja lenye sura mbili, na kwamba mchezaji, mtunga sheria na mwanaharakati wote wanalitenda.

Tuanze na kipimo chenyewe, maana hakihitaji zaidi ya fizikia ya sekondari. Nishati ya punje ni nusu ya uzito wake ukizidishwa kwa kipeo cha pili cha kasi yake. Punje ya gramu 0.5 ikitoka mtutuni kwa mita 175 kwa sekunde hubeba takriban jouli 7.7. Ipandishe kasi hadi mita 250, nishati itafika jouli 15.6. Kasi haijaongezeka hata kwa nusu, lakini uwezo wa kudhuru umezidi maradufu. Neno "upepo" halikuambii lolote kati ya haya. Ndiyo maana jina ni shahidi mbaya katika jambo hili.

Nchi zilizolifikiria suala hili kwa makini ziliacha jina, zikashika namba. Ujerumani humruhusu mtu aliyetimiza miaka 18 kununua bila kibali bunduki ya upepo isiyozidi jouli 7.5, yenye alama rasmi ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano. Uingereza iliweka mpaka wa takriban jouli 16 kwa bunduki ndefu na nusu yake kwa bastola. Hata hivyo, Uskoti, baada ya mtoto wa miaka miwili kuuawa kwa bunduki ya namna hii jijini Glasgow mwaka 2005 na mjadala wa miaka mingi uliofuata, ilipitisha sheria yake mwaka 2015. Tangu mwisho wa mwaka 2016 mtu huhitaji cheti hata akiwa chini ya mpaka huo. Ireland ya Kaskazini nayo huanza kudai cheti nguvu inapozidi jouli 1. Hawa hawakubaliani juu ya mpaka uwe wapi. Wamekubaliana kwamba lazima upimwe.

Sasa niwageukie mashabiki wa nguvu. Kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo kuliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1984, mjini Los Angeles. Mlengaji husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha ambayo kitovu chake, duara la alama kumi, kina upana wa nusu milimita. Ni sawa na nukta ya kalamu. Abhinav Bindra aliipatia India medali yake ya kwanza ya dhahabu ya mchezaji mmojammoja kwa mchezo huu, mjini Beijing mwaka 2008. Na bunduki za mashindano haya, zilizo miongoni mwa zenye usahihi mkubwa kuliko zote duniani, hurusha punje kwa ile kasi ya mita 175 au karibu na hapo. Zinashinda kwa sababu hazina papara.

Kinyume chake, matangazo ya biashara humvutia mnunuzi kwa kasi inayopita ile ya sauti, yaani takriban mita 340 kwa sekunde. Hayamwambii kwamba kasi hiyo mara nyingi hupatikana kwa punje nyepesi mno, wala kwamba punje ya kawaida, yenye kiuno chembamba, huanza kuyumba inapokaribia kasi ya sauti. Debe tupu haliachi kuvuma.

Hata urekebishaji, ambao wengi wanaudhani ni ufundi wa kuongeza nguvu, kwa fundi mwenye busara ni kazi ya kutuliza. Ukitia springi nene kuliko ile iliyokusudiwa, bunduki huruka mikononi kabla punje haijatoka mtutuni. Ukimimina mafuta kwa wingi, hewa iliyobanwa huyawasha kama katika injini ya dizeli, na kila mlio huwa na kasi yake. Anayejua hupaka mafuta kidogo, hujaribu aina kadhaa za punje, tano tano kwenye karatasi, na huchagua zile zinazotua pamoja. Kisha huishika bunduki ya springi kwa ulegevu, aiache irudi nyuma kwa namna ileile kila mara. Kuikaba ni kuiharibia shabaha.

Najua baadhi ya wanaharakati watasema dawa ni kupiga marufuku tu, na hoja yao si nyepesi. Katika jimbo la Arunachal Pradesh, kaskazini mashariki mwa India, bunduki hizi zilitumiwa sana kuua ndege wa porini. Mwaka 2021 serikali ya jimbo ilianzisha kampeni ya kuwaomba wananchi wazisalimishe kwa hiari, na wengi wakazisalimisha. Nawaheshimu kwa hilo. Anayetungua ndege mtini ili kujifurahisha hastahili kuitwa mwanamichezo, na mimi sitamtetea. Lakini marufuku isiyotofautisha karatasi na njiwa, wala jouli 5 na jouli 50, inapofusha sheria kwa jicho la pili baada ya dharau kulipofusha la kwanza. Kinachokatazwa bila maelezo hurudi uvunguni, na uvunguni hakuna mwalimu wala msimamizi.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Msemo huo ulikusudia funzo litokanalo na maumivu, lakini katika kisa changu aliyelilia wembe si yeye aliyekatwa. Hapo ndipo starehe ya mtu mmoja inapogeuka kuwa suala la umma.

Kwa hiyo, watumishi wa umma mnaosoma hapa, andikeni masharti ya silaha hizi kwa jouli, na kwa Kiswahili. Tanzania ilikwisha kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama mwaka 2021; mnunuzi asihitaji mkalimani ili ajue kama alichoshika mkononi ni halali. Wanaharakati, daini viwanja vyenye kinga ya nyuma ya kuzuia punje, miwani ya macho na wasimamizi, kwa bidii ileile mnayodai marufuku. Nanyi wanafunzi wangu, kabla ya kuuliza bei, ulizeni sheria ya nchi yenu inasemaje. Kabla ya kuuliza nguvu, ulizeni punje itasimama wapi mkikosa shabaha. Asiye na jibu la swali hilo la mwisho hajawa tayari kushika bunduki, hata iwe ya upepo tu.

Rafiki yangu wa utotoni ana watoto sasa. Siku moja mwanawe alimwuliza ni vita gani vilivyomtoa jicho. Alinisimulia hayo akitabasamu, nami sikupata cha kumjibu.