Si virusi, ni /tmp

Kompyuta ya saiba niendayo hapa Mombasa yaganda kila mara, na lawama zote zatupiwa virusi. Mimi naangalia kwengine. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, huweka folda ya /tmp ndani ya RAM na kuiruhusu kula hadi nusu yake. Mashine ya GB 2 ni GB 1 hiyo, na bado kivinjari hakijafunguliwa! Linux ikibanwa huua programu, lakini faili za /tmp hubaki palepale, na zikizimwa na umeme ndizo zimekwenda, hati ya shamba aliyoskani mtu ikiwemo. Kabla hujamlipa fundi diski mpya, mwambie aandike df -h /tmp. Ikiwa inakaribia kujaa, systemctl mask tmp.mount, kisha kuwasha upya, huirudisha kwenye diski.