AKIRUDI KUTOKA MIREMBE ALALE WAPI?

Hospitali ya Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927, zama za Mwingereza. Mgonjwa wa akili wa Tunduma apelekwaye huko hupita Mbeya na Iringa, kisha hurejeshwa mpakani penye malori, kwa jamaa waliokwisha kumchoka. Twauliza: alale wapi? Ati sokoni?

Miaka ya 1970 Tanzania ilikuwa na vijiji vya kilimo ambamo wagonjwa waliishi, wakalima, wakazoea tena maisha. Haikuwa anasa hiyo!

Mipango ya halmashauri huanzia mikutano ya mitaa. Basi wananchi wa Tunduma na waidai humo nyumba moja yenye mlezi na muuguzi, na dawa zisizokatika. Diwani asiyeona haya kukataa, na akatae hadharani, jina lake liandikwe katika muhtasari.