Mgombea, Mifumo Yetu Utailinda Vipi?

Mnakumbuka Julai 2023? eCitizen ilishambuliwa kimtandao, na huduma zaidi ya 5,000 za serikali zilikuwa zimewekwa pale. Wa pasipoti akakwama, wa leseni akakwama, wa kusajili biashara akakwama. Kukata tiketi ya treni na kununua tokeni za stima kukawa shida. Wageni ikabidi waahidiwe viza wakishafika. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likasema ni sisi.

Mbinu yenyewe haikuwa ya ajabu. Mfumo ulifurikishwa maombi ya uongo mpaka mwananchi wa kweli akakosa nafasi ya kuingia. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Sawa, lakini mwenye safari au mwenye giza nyumbani hilo lamsaidia nini?

Na inaweza kuwa mbaya zaidi. Desemba 2015 kule Ukraine, wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya kampuni za umeme wakazima stima wakiwa mbali. Wateja takriban 225,000 wakabaki gizani kwa saa kadhaa.

Sasa tunaelekea Agosti 2027. Mikutanoni tutaahidiwa barabara, maji na basari. Ni haki yetu. Lakini basari, maji na hospitali siku hizi zinategemea kompyuta, na hilo hatusikii likitajwa.

Tena tuwe macho. Wanasiasa wengi wakisema "usalama wa mtandao" wanamaanisha sisi na posti zetu. Sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 ilipitishwa ikiwa na vifungu vya kuadhibu habari za uongo, na wanablogu wameshakamatwa. Ndugu zangu, kumtia kijana ndani kwa sababu ya posti hakuirudishi eCitizen hewani. Ulinzi wa kweli ni wataalamu walioajiriwa, nakala za data, na mpango wa dharura uliojaribiwa kabla ya siku yenyewe.

Kwa hivyo akija mtaani, muulize. Wa ubunge: bajeti ikija Bungeni, utapigania pesa za kulinda mifumo hii? Wa ugavana: mfumo wa hospitali ya kaunti ukianguka usiku, mama anayejifungua atahudumiwa vipi? Na wote: tukishambuliwa, mtatuambia ukweli ama tutausoma Twitter?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Asiye na jibu asituombe kura.